Hilux 1998: mtetemo umekwisha, ilikuwa ATF (oili ya gia otomatiki)

Umekwisha! Nimetoka Mwandiga, huku Kigoma, nikapanda hadi Kalinzi, mshale kati ya 60 na 80, mguu umetulia kwenye mafuta, na gari halikutikisika hata kidogo. Nimerudi nikapanda tena ili nijihakikishie.

Gari langu ni Hilux dabokebini, petroli 3RZ, gia otomatiki A340F. Kila lilipoingia gia ya juu na kutulia, lilikuwa linatetemeka kama linapita juu ya matuta madogo. Niliambiwa plagi, nikaambiwa propela, nikaambiwa engine mounting. Jibu nililipata kwa mguu wa kushoto. Gari likianza kutetemeka, gusa pedali ya breki kidogo tu bila kuachia mafuta. Langu lilikuwa linatulia papo hapo, kisha baada ya sekunde chache linaanza tena. Breki ikiguswa, kompyuta inaachia lokapu ya tokokonvata, yaani klachi inayofunga injini na gia zizunguke pamoja. Basi tatizo lilikuwa kwenye klachi ya lokapu, na klachi hiyo inaishi ndani ya oili.

Sasa oili gani? Suala hili limeninyima usingizi kuliko kazi zote za gari hili.

Madukani Mwanga, Kigoma mjini, ukiuliza ATF unapewa haidroliki nyekundu, mazungumzo yamekwisha. "Kaka, zote hizo moja." Si moja! Wekundu ni rangi tu, inatiwa ili ukiona tone chini ya gari ujue si oili ya injini. Kinachozitofautisha ni kemikali zinazochanganywa ndani, viungio vinavyoamua klachi zishikane vipi. Ford Type F ya zamani haina vile vya kulainisha mshiko, klachi zinang'ata ghafla. Dexron, aina ya ATF ya General Motors (GM), inavyo, ndiyo maana gia inaingia taratibu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mafuta ya nyangumi, mpaka Marekani ilipoyazuia miaka ya 1970 na watengenezaji wakalazimika kutafuta kingine.

Gari langu linataka Dexron II au III. Ugumu ni kwamba GM iliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006. Dumu jipya lenye jina hilo ni ahadi ya aliyelitengeneza, GM haipo nyuma yake. Kwa hiyo nageuza dumu na kutafuta mnato (uzito wa oili, kwa sentistoki) kwa nyuzi 100. Dexron III huwa inacheza kwenye 7 na zaidi kidogo. Dexron VI haitakiwi kuzidi 6.4, na WS, ATF ya Toyota, ni nyepesi kuliko hiyo. GM inasema VI inaweza kuchukua nafasi ya III, lakini inazungumzia giaboksi zake yenyewe. Yangu imetengenezwa na kampuni ya Aisin, na sili zake zina zaidi ya miaka 25. Sikutaka kuzijaribu kwa oili nyepesi. Nililetewa Dexron III kutoka Dar, madumu yote ya aina moja.

Oili niliyoikuta ndani ilikuwa nyekundu safi, hainuki kuungua, na hakuna ajuaye gereji iliyotangulia ilijaza nini. Ukifungua bolti ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), nyingi inabaki kwenye konvata. Tuseme kila ukimwaga unabadilisha robo: ukirudia mara tatu, asilimia 42 bado ni ile ya zamani. Mimi nilichomoa mpira unaorudisha oili kutoka kwenye rejeta, nikauelekeza kwenye chupa ya maji yenye alama za lita, injini ikanguruma sailensa, bila kukanyaga mafuta. Zikitoka lita mbili, zima, jaza mbili, washa tena. Kuanzia hapo mtetemo ulipungua hadi ukapotea.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ni faneli yenye shingo ndefu na nyembamba. Bila hiyo oili yote inaishia kwenye egzosi. Kipimajoto cha kulenga kwa mwanga pia kinalipa, kwa sababu alama ya HOT kwenye kijiti cha kupimia oili inataka oili ya nyuzi 70 hadi 80, injini inawaka, lever imepitishwa kila gia na kurudi P. Na gari liwe pahali tambarare, jambo ambalo kwa vilima vya Kigoma linahitaji kutafutwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kushusha sampo nisafishe chujio. Inasubiri. Baada ya mlima wa Kalinzi nilipima joto la sampo, likanikaa kichwani, na sasa nataka kipoza oili (cooler) cha ziada mbele ya kondensa ya AC, kwa sababu njia ya Manyovu nitaipita na mzigo. Kwa muuza skrepa nimeona kimoja cha lori dogo, mapezi yamenyooka, hakina kutu. Kesho naenda na rula kupima midomo ya kipoza hicho kama inapokea mpira wa kipenyo changu.