Friza yetu ililia kila jioni, na gesi haikuwa imeisha

Mara ya kwanza ililia saa tisa za usiku, siku ya pili ya Idd ya kuchinja. Nilidhani ni simu ya mume wangu, nikamgusa aizime. Akasema, "Si simu. Inatoka jikoni."

Friza yetu ni ya sanduku, ya kufungulia juu, na tuliinunua ikiwa imetumika. Mbele ina taa tatu: ya kijani inaonyesha umeme upo, ya manjano ni ya kugandisha haraka, na nyekundu ni ya hatari. Hiyo nyekundu sikuwahi kuiona ikiwaka tangu siku tulipoichomeka kwa mara ya kwanza. Usiku ule ilikuwa inawaka, na sauti nyembamba inalia bila kupumzika.

Ndani mlikuwa na karibu kilo 25: fungu letu la ng'ombe tuliyemchanga watu saba, maini, na ngege, yaani samaki aina ya perege, niliowanunua mwenyewe Masese asubuhi ya Idd. Hapa Walukuba, mtaa wa Jinja nchini Uganda, si kila nyumba ina friza, kwa hiyo nyama ya mama mkwe na ya jirani mmoja nayo ilikuwa humo. Nilisimama gizani nimeshika kifuniko, naogopa kukifungua na naogopa kutokifungua.

Sikukifungua, na namshukuru Mungu. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa huhifadhi baridi yake kwa takriban siku mbili hata umeme ukikatika. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Kila unapochungulia unaitoa baridi hiyo nje. Nilibonyeza kitufe, sauti ikanyamaza, taa ikabaki. Hiyo nayo ilinichukua muda kuielewa: kitufe kinanyamazisha kelele tu. Taa nyekundu haizimiki mpaka joto la ndani lenyewe lishuke.

Asubuhi nilisoma kibandiko kilicho nyuma. Kilisema friza inaweza kugandisha kilo 14 kwa saa 24. Mimi nilikuwa nimeitia zaidi ya kilo 20 za nyama yenye joto la machinjoni kwa mkupuo, na taa ya manjano sikuiwasha. Basi sababu ilikuwa wazi. Niliiwasha hiyo ya manjano, nikaacha kifuniko kimefungwa mpaka kesho yake, na kufikia adhuhuri nyekundu ikazima. Siku hizi nikijua nyama inakuja, nawasha kugandisha haraka tangu jana yake, kisha naingiza kidogo kidogo, pakiti bapa zisizobanana.

Kwa kuwa mara ya kwanza ilikuwa na sababu nyepesi, mara ya pili niliidharau. Ilikuwa siku sita baadaye, saa tatu usiku. Nyama yote ilikuwa imeganda kama jiwe, hakuna kipya kilichoingia. Nikabonyeza, nikalala. Alfajiri taa ilikuwa imezima yenyewe. Jioni iliyofuata, tena. Na iliyofuata.

Nilifanya yale ambayo kila mtu huambiwa. Nilipitisha noti ya shilingi elfu moja kati ya kifuniko na raba yake, nikazunguka pembe zote nikiivuta. Mahali raba inaposhika, noti hugoma kutoka. Kona moja karibu na bawaba ilitoka kirahisi, na hapo ndipo barafu ilikuwa imejikusanya. Niliipasha raba kwa kitambaa cha maji moto mpaka ikalainika ikarudi umbo lake. Nikaondoa pia magunia mawili ya posho (unga wa mahindi) niliyokuwa nimeyaegemeza ubavuni. Friza nyingi za sanduku hutolea joto kwenye kuta zake za pembeni. Ukizifunika, ni kama kumvika koti mtu anayetoka jasho. Joto lilipungua kidogo. Kengele ikaendelea.

Ndipo nikamwita fundi. Alikuja kijana mmoja, akagusa ubavu, akasikiliza, akasema, "Dada, gesi imeisha." Alitaka laki mbili. Nilikuwa nazo za ada ya mtoto. Nilimwambia anipe siku tatu nifikirie, na hizo siku tatu ndizo zilizotuokoa.

Nilinunua kipimajoto kidogo cha friji, nikakiweka kwenye kikapu cha juu, sehemu yenye joto kuliko zote ndani ya friza ya sanduku. Kando yake nikaweka kikombe cha barafu na sarafu ya mia tano juu yake. Sarafu ikizama ndani ya barafu, ujue iliyeyuka ikaganda tena ukiwa hupo. Kisha nikachukua daftari la mtoto nikawa naandika. Alfajiri: -20. Adhuhuri: -18. Saa moja jioni: -15. Saa nne usiku: -10, kengele inalia. Alfajiri: -20 tena. Siku ya pili namba zilikuwa karibu hizohizo.

Siku ya tatu umeme ulipotea kabisa kuanzia usiku, ukarudi kesho yake mchana. Kwa kuwa friza ilikuwa imeshapanda joto jioni na tayari imebaki nusu, haikuwa na akiba ya baridi. Sarafu niliikuta katikati ya kikombe. Maini ya kikapu cha juu yalikuwa yamelegea. Kipimajoto kilisoma nyuzi 2, na hapo nilikuwa nimeshajifunza mpaka: chakula chenye chembe za barafu bado, au ambacho hakijapita nyuzi 4, unaweza kukigandisha upya au kukipika. Kikizidi hapo kwa zaidi ya saa mbili, nyama au samaki unatupa. Pua haitoshi, kwa sababu vijidudu vinavyoumiza tumbo si lazima vinuke. Tuliyapika maini yote siku ileile, tukagawa. Nyama ya chini ilikuwa bado ngumu. Lakini nililia. Kuambiwa na mama mkwe "si neno, mwanangu" kulinichoma kuliko kama angenigombeza.

Jirani yetu ni mzee aliyekuwa fundi umeme jeshini. Mtaa mzima unamwita Afande. Nilimpelekea daftari. Alilisoma kwa muda mrefu, kidole kikipita juu ya kila mstari.

"Mwanangu," akasema, "gesi haiishi kama mafuta ya taa. Imefungwa ndani ya mabomba. Ikipungua ni kwamba kuna tundu, na tundu halifanyi kazi jioni likalala usiku. Friza inayofika ishirini chini ya sifuri kila alfajiri ina gesi yake. Jioni kuna nini?"

Jioni kuna sisi sote. Pasi, birika, televisheni, taa, nyumba baada ya nyumba. Nilimwambia bwawa la Nalubaale, linalofua umeme tangu 1954, liko hapahapa kwenye mto Nile, sisi tungekosaje nguvu? Akanieleza kwamba ukaribu wa bwawa hausaidii kitu. Kinachoamua ni transfoma ya mtaa, imebeba nyumba ngapi, na wewe uko nguzo ya ngapi kutoka hapo. Sisi tuko karibu na ya mwisho.

Alikuja saa tatu usiku na mita yake. Kabla ya kupima aliniambia nizime televisheni nisikilize. Kompresa, ile mota inayosukuma gesi, ilinguruma sekunde chache, ikasema "tak", kimya. Baada ya dakika kadhaa, ikanguruma, "tak", kimya. Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia kila jioni nikadhani ndiyo inavyofanya kazi. Kumbe ilikuwa inajaribu kuanza na inashindwa. Kile kifaa kidogo kinachoilinda isiungue kilikuwa kinaikatia umeme, kinapoa, kinairuhusu ijaribu tena.

Umeme wetu unapaswa kuwa volti 240. Soketi ya ukutani ilisoma 198. Kisha akapima mwisho wa ekstensheni niliyochomekea friza pamoja na televisheni na dekoda yake. Kompresa ilipojaribu kuanza, namba iliporomoka hadi 170 na kitu. Alichomoa plagi akanionyesha: mguu mmoja ulikuwa umebadilika rangi kuwa kahawia, na plastiki imeanza kulegea kwa moto. Waya mwembamba na mguso mbovu vilikuwa vinakula hata kile kidogo kilichofika ukutani. Nilipoona alama ile ya kuungua niliwaza watoto wanaolala chumba cha pili, nikanyamaza.

Tuliihamisha friza usiku uleule, tukaichomeka moja kwa moja ukutani. Kompresa ikaanza. Si mara ya kwanza, ya pili. Kesho yake fundi mwenye leseni alibadilisha soketi ile, akaipa friza ya peke yake. Kwa hizo volti 198 Afande alinishauri stabilaiza, akanionya nisidhani ni sawa na gadi ya friji. Gadi hukata umeme ukishuka sana na kuchelewesha kuurudisha dakika chache. Inalinda kompresa, lakini jioni nzima ikikata, nyama inabaki bila baridi. Stabilaiza yenyewe huupandisha umeme. Nilichukua ya VA 1,000 (VA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), ingawa friza inatumia wati chini ya 150, kwa sababu kompresa wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hapo.

Yule kijana nilimpigia simu nikamweleza tulichokuta, bila ugomvi. Kibandiko kilisema gesi ya ndani ni R600a, ambayo hushika moto, na kufikiri kwamba mabomba mazima yangetobolewa jikoni kwangu bila sababu bado kunanitia baridi.

Daftari naliendeleza. Saa nne usiku sasa linasema -18, mara chache -17. Wiki iliyopita ililia saa nane mchana, nikaacha kufua nikakimbia. Mkia wa sangara ulikuwa umenasa chini ya kifuniko. Niliusukuma ndani, nikapitisha noti kwenye raba nihakikishe imeshika, nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ilizima kabla ya adhana ya alasiri, na mama mkwe akaja na pakiti zake mbili za nyama, akauliza kama bado kuna nafasi.