Kumfundisha mwenzako, kisha kumpa maoni

Ukimfundisha mwenzako kazi ya mikono, tuseme kufunga bandeji, anza kwa kunyamaza. Ifanye yote mara moja kwa kasi ya kawaida, aone inavyotakiwa kuwa. Rudia polepole ukieleza kila hatua na sababu yake. Mara ya tatu mikono ni yako, maneno ni yake: yeye anaelekeza, wewe unatii. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayofichua alichokosa kuelewa. Ya nne, afanye mwenyewe huku akieleza.

Kwenye maoni, muulize kwanza ameonaje. Mara nyingi kosa lake analijua tayari. Kisha taja ulichokiona, si unavyomfikiria. "Uko ovyo" haimsaidii mtu. "Bandeji imelegea kwa sababu mzunguko wa pili haukupanda juu ya wa kwanza" inamwonyesha pa kurekebisha. Sifa nazo ziwe hivyo hivyo, maana "safi sana" ni tamu masikioni lakini hajui arudie nini.

Chagua jambo moja, yakizidi mawili. Ukimmwagia makosa saba ataondoka na hofu tu. Na tafadhali, usimnyang'anye bandeji umalizie wewe! Mwache arudie papo hapo, kwani maoni bila jaribio jingine husahaulika.

Watu wa rika moja huoneana haya, kwa hiyo mrekebishe pembeni. Isipokuwa kosa la kuumiza mtu, kama vidole kubadilika rangi kwa kukazwa mno: hapo msimamishe mara moja, hata mbele ya watu.