Barua Iliyofika Temeke

Mwishoni mwa Januari 2025 mdogo wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa walioacha kuchukua dawa za kufubaza VVU katika kliniki moja ya Temeke, alinipigia simu hapa Ohio, Marekani, kwake ikiwa usiku wa manane, kunieleza kwamba mradi umewapa barua ya kusimamisha kazi. "Dada, wewe unaishi na hao watu," aliniuliza, "sisi tumewakosea nini?"

Jibu nilimpa nilipokwenda likizo Dar es Salaam, tukiwa tumeketi barazani kwa mama: hatukuwakosea, ugomvi ni wao kwa wao. Mpango wa PEPFAR, yaani fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI nje ambazo ndizo zilizoubeba mradi wake, ulianzishwa mwaka 2003 chini ya Rais George W. Bush kwa kura za vyama vyote viwili, Republican na Democratic, ukaongezewa miaka mitano mitano mwaka 2008, 2013 na 2018. Mwaka 2023 uliburutwa katika mzozo wa utoaji mimba, ambao umewagawa Wamarekani hata makanisani, na mwaka uliofuata Bunge likauongezea mwaka mmoja tu. Kwa hiyo Rais Donald Trump alipoagiza, tarehe 20 Januari 2025, misaada ya nje isimame kwa siku 90, agizo lilikuta mpango ambao watetezi wake wa zamani walikuwa wamekwisha kutengana. Kibali cha kuendelea kutoa dawa kilitoka baada ya siku chache. Wafuatiliaji kama mdogo wangu hawakurudishwa.

Si jambo geni. Sharti linalowanyima fedha wanaoshughulika na utoaji mimba nje ya Marekani liliwekwa mwaka 1984, na tangu hapo kila rais wa Democratic ameliondoa na kila wa Republican amelirudisha au kuliendeleza. Mkataba rasmi na nchi za nje nao unahitaji theluthi mbili ya Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, kura ambazo siku hizi ni shida kupatikana, hivyo marais hutegemea saini zao wenyewe. Ndivyo makubaliano ya nyuklia na Iran ya mwaka 2015, ambayo hayakupitishwa na Seneti kama mkataba, yalivyoachwa na rais mwingine mwaka 2018.

Mdogo wangu aliniuliza kama rais ajaye anaweza kuirudisha kazi yake. Nilimwambia saini inaweza kurudi kwa siku moja. Alinyamaza, kisha akasema wagonjwa wake wa Mtoni na Tandika wamekwisha kuhama vyumba, na daftari lenye majina yao lilibaki kwenye mradi.