Masika, Yusuf na chui wa bluu

Mlima haujaonekana wiki nzima hapa Moshi, mvua tu, nami nimejifungia na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Ni riwaya tulivu mno! Yusuf anaondolewa kwao kwa sababu ya deni la baba yake, na mwandishi hapazi sauti hata kidogo. Sehemu ile ya kupanda treni nimeirudia mara tatu, chai ikapoa. Napenda sana kitabu kinachoniachia nafasi ya kuumia mwenyewe.

Usiku nafungua kitabu cha picha za Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa Tanzania. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alitumia rangi za baiskeli! Binti yangu naye kachora chui mwenye madoa ya bluu. Chui huyo nimembandika juu ya kabati la vyombo.