Jioni niliyoziona seli za NK zikifanya kazi

Desemba ya 2012, mjini Stockholm, saa tisa alasiri jua lilikuwa limeshazama, nami nilikuwa katika chumba cha hadubini tangu asubuhi. Nilitoka Muhimbili kwenda Taasisi ya Karolinska kusomea kinga ya mwili. Njia hiyo madaktari wengi wa kwetu walishaipita, kwa sababu taasisi hizo mbili zimeshirikiana kuchunguza VVU tangu miaka ya 1980.

Kwenye kisahani nilikuwa na seli za ngozi ya binadamu, nusu yake zimeambukizwa kirusi kiitwacho sitomegalovirusi, kilichopandikizwa jeni ya kung'aa kijani. Juu yake nilikuwa nimemwaga seli za NK, zile seli za kinga ziitwazo wauaji wa asili, kutoka damu ya mchangiaji tusiyemjua jina. Zilikuwa zimelala usiku kucha ndani ya interlukini-15, moja ya protini zinazoziamsha mwilini tunapoingiliwa na maradhi.

Virusi hivyo nilivichagua mwenyewe. Nikiwa daktari wa mafunzo wodini, nilimhudumia mama mmoja mwenye UKIMWI ambaye jicho lake moja lilikuwa likipoteza nuru kwa sababu ya virusi hivyo. Aliniuliza, "Mwanangu, kirusi hiki kimeniingia lini?" Nikamwambia huenda ni utotoni, wengi wetu hukipata tukingali wadogo, nacho hukaa mwilini maisha yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na miaka yote hiyo nani alikuwa akikizuia?" Nilimtajia seli T, zile seli za kinga ambazo VVU huziangamiza. Ni kweli, lakini swali lake lilikuwa pana kuliko jibu langu, na nililibeba hadi Ulaya.

Seli T hukigundua kirusi pale seli iliyoambukizwa inapoonyesha vipande vyake juu ya protini za HLA, zinazokaa kwenye uso wa seli. Sitomegalovirusi inalijua hilo. Ikishaingia, huzishusha HLA zisifike kwenye uso huo, na seli T hupita bila kuona kitu. Hapo ndipo seli za NK zina kazi. Hupita seli kwa seli kama mtu anayepiga hodi mlango hata mlango: HLA ikiitikia, huendelea na safari, kukiwa kimya, hushuku. Wazo hili, kwamba kinachoshtua ni kukosekana kwa kitu, lilitoka hapohapo Karolinska, kwa Klas Kärre, miaka ya 1980. Sikuwahi kusoma wazo la kibiolojia lililonigusa kama hilo. Lakini ukimya peke yake hautoshi. Seli yenye dhiki hutoa pia protini kama MICA, ambayo kipokezi cha NKG2D kilicho juu ya NK huitambua, na NK hupima pande zote mbili kabla ya kuamua.

Jioni ile niliona uamuzi huo kwa macho. NK moja, ndogo mno kando ya seli ya ngozi, iliigusa seli isiyo na maambukizi, ikazungukazunguka, ikaondoka. Ikafika kwenye ya kijani. Ikaganda. Ilijibana pale kwa dakika nyingi, na nilijua kinachopita katikati yao: perforini ikitoboa, granzaimu zikiingia kuiamuru seli ijiue. Kisha rangi nyekundu, ambayo hupenya tu kwenye seli iliyokufa, ikaenea ndani yake.

"Dada, njoo uone!" niliita. Alikuwa mwenzetu kutoka Dar, amenitangulia masomo. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Sasa unaelewa kwa nini yule msichana aliteseka," alisema. Alimaanisha msichana ambaye madaktari wa Marekani waliandika habari zake mwaka 1989: hakuwa na seli za NK, tetekuwanga ikamshambulia vikali, ikafuatiwa na sitomegalovirusi, kisha herpesi.

"Lakini mdogo wangu," akaongeza, "zihesabu pia zile za kijani zilizobaki hai."

Zilikuwa nyingi. Kirusi hiki kimeishi na wanadamu kwa muda mrefu mno, na kina majibu. Jeni yake UL18 hutengeneza protini inayofanana na HLA, kama kitulizo cha uongo. UL16 hufungia ndani baadhi ya ishara za dhiki zisifike nje. Niliziangalia NK zikigusa seli hizo za kijani na kuziacha, moja baada ya nyingine, na nikaona kwamba sehemu ya jibu la yule mama ilikuwa kwenye hizo zilizoachwa: anayekizuia hakiui chote, wala hakiachi kitawale.

Wiki hiyohiyo nilimwomba msimamizi wangu nibadilishe mada ya utafiti. Nilitaka kuanza na UL16.