Mjomba Alipodai Urari

Julai 2021 niliiweka nodi yangu ya kwanza ya Bitcoin, yaani kompyuta inayotunza na kukagua rekodi zote za sarafu hiyo ya kidijitali, nyumbani kwa mjomba, Kisauni, Mombasa. Kwake kulikuwa na intaneti ya waya isiyokwenda kwa bando, nami nilihitaji kupakua zaidi ya gigabaiti 300: kila muamala ulioandikwa tangu 3 Januari 2009. Wateja wangu wa ng'ambo walikuwa wakinilipa kwa bitcoin, na ili nijue kama malipo yameingia nililazimika kuuliza seva ya watu nisiowajua. Hilo lilinikera sana. Ukimuuliza mgeni salio lako, umemfungulia mfuko wako, na jibu lake huna budi kuliamini.

Mjomba alistaafu baada ya maisha mazima ya uhasibu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Leja yenu anaishika nani?"

Nikamweleza kwamba kila mwenye nodi anayo nzima, na kila bloku mpya, yaani fungu la miamala, anaikagua mwenyewe.

"Mpwa wangu, mali ya wote haina mwangalizi."

"Ndiyo maana nimeileta hapa, mjomba, uikague wewe."

Mashine yenyewe ilikuwa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, na diski ya terabaiti moja. Kabla ya kusakinisha Bitcoin Core, programu ya nodi, nililinganisha alama ya SHA-256 ya faili, ambayo hubadilika faili likiguswa hata kidogo, na orodha iliyotiwa saini na watengenezaji. Wengi huiruka hatua hii, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: programu iliyochezewa itakupa majibu ya uongo siku zote na hutajua. Kwenye faili la bitcoin.conf nikapandisha dbcache, yaani kashe au kumbukumbu ya muda ya nodi, kutoka megabaiti 450 hadi 2000 ili diski isichoshwe, nikaweka assumevalid=0 ili hata saini za miaka ya nyuma zikaguliwe, kisha nikaipitishia Tor, mtandao unaoficha anwani, maana laini yetu haikuwa na anwani ya umma na mlango 8333, unaotumiwa na nodi za Bitcoin, usingefikika kutoka nje.

Miaka ya mwanzo ilipita mbio. Mjomba alivuta kiti akawa anasoma tarehe kwenye kioo. Ilipofika Mei 2010 nikamwonyesha siku ambayo mtu huko Marekani alitoa bitcoin 10,000 akaletewa piza mbili. Machi 2013 akasema, "Hapa sisi tulikuwa kwenye foleni ya kupiga kura." Kuanzia 2016 hivi mwendo ukawa mzito, kwa kuwa bloku zilikuwa zimejaa, na kazi ikachukua siku nyingi.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Uliporudi, nodi ilianza nyuma ya pale ilipokuwa imefika: kashe kubwa huandikwa diskini mara chache, kwa hiyo ikizimika ghafla hurudi hadi ilipohifadhi mara ya mwisho na kukagua upya kutoka hapo. Nilidhani mjomba atakasirika. Kinyume chake alifurahi. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Huendelei na hesabu usiyoiamini."

Ilipomaliza tulikuwa tumepita kidogo bloku ya 690,000. Hapo ndipo alipodai urari, yaani hesabu ya kuonyesha kwamba pande mbili zinalingana: sarafu zilizopaswa kutolewa na zilizopo. Akachukua kalamu: bloku 210,000 za kwanza zilizaa sarafu mpya 50 kila moja, malipo ya wachimbaji wanaounda bloku, 210,000 zilizofuata 25, kisha 210,000 nyingine 12.5. Jumla 18,375,000. Kutoka hapo ni 6.25 kwa kila bloku, na 60,000 za mwanzo zinatoa 375,000. Akapata 18,750,000, akaongeza zile zilizozidi. Nikaandika amri ya gettxoutsetinfo, inayojumlisha kila sarafu ambayo haijatumika, tukangoja.

Jibu lilikuwa pungufu kidogo ya lake.

Alinitazama kama alivyowatazama makarani wake. Nikampa maelezo. Zile 50 za bloku ya kwanza kabisa haziwezi kutumika. Mwaka 2010 malipo mawili ya wachimbaji, 50 kila moja, yalifutika kwa sababu malipo mengine yenye utambulisho uleule yaliandikwa juu yake. Tena wapo wachimbaji waliodai chini ya haki yao, na kanuni haiwarudishii kilichobaki.

"Upungufu wenye maelezo naupokea," akasema. "Ingekuwa ziada hata ya senti moja, ningekwambia uzime."

Nimesikia hoja nyingi kuhusu sarafu hizi, za wanaozisifu na za wanaozilaani, na sijasikia iliyokuwa na uzito kama ile. Mzee yule hakuwa na bitcoin hata chembe. Alitaka tu kuona kama vitabu vinalingana, na kifaa kinachoenea kiganjani kilimwezesha kuvikagua bila kumwomba mtu ruhusa.

Niliiacha nodi kwake, na pochi yangu ya kutazamia tu, inayoonyesha malipo bila kuweza kuyatumia, nikaiunganisha nayo. Malipo yaliyofuata mjomba aliyaona kabla yangu. Akanipigia simu: muamala umetokea lakini haujaingia kwenye bloku, kwa hiyo nisimkabidhi mteja kazi yake mpaka zitimie bloku sita.