Mnyama au Ndege: Tafakari ya Msimu wa Mawindo

Masomo: Walawi 17:13, Hesabu 11:31–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mama mmoja wa ushirika wetu ameniuliza swali ambalo najua na wengine mnalo, ila mnanistahi. "Mzee, kuku wamejaa tele dukani, tena bei chee. Wewe mtu wa maombi unaamka saa tisa usiku, unaingia kwenye maji ya baridi, eti unatafuta bata. Bata gani huyo?" Siku ile nilicheka tu. Leo nataka kumjibu, na jibu nitalichota kwenye kitabu ambacho wengi wetu tukikifikia kwenye ratiba ya kusoma Biblia tunapita mbio.

Sura ya 17 ya Walawi inahusu damu. Aliyechinja ng'ombe, kondoo au mbuzi anaambiwa amlete mlangoni pa hema. Kuhani yupo, madhabahu ipo, watu wanaona. Lakini yuko mtu mwingine ambaye mnyama wake hafii mlangoni pa hema. Anafia huko porini, kwenye kichaka, hakuna kuhani wala shahidi. Mstari wa 13 unamfuata huyo hukohuko aliko. Awe Mwisraeli, awe mgeni akaaye kati yao, akiwinda mnyama au ndege anayeliwa, amwage damu yake na kuifunika mchanga. Basi. Hadaiwi paja la kupeleka kwa kuhani. Ainame, achote mchanga, afunike.

Mgeni naye ametajwa, mmesikia? Sisi tuliotoka Uvira, Fizi na Baraka kule Kongo, tukala vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka yote ile kabla ya kuletwa huku jimbo la Wisconsin, Marekani, ndio hao. Mgeni hakuambiwa kwamba mapori si yake, wala hakuambiwa kwamba sheria haimhusu. Ndiyo maana kabla sijagusa bunduki nilikwenda darasani. Jimbo hili linamtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 asome mafunzo ya uwindaji ndipo auziwe leseni, na wenzangu darasani walikuwa watoto wa miaka 12. Mtu mwenye mvi akielekezwa na mtoto jinsi ya kushika mtutu, unyenyekevu anaujua bila kuhubiriwa.

Tuanze na ndege. Bata tunawawinda Horicon, kinamasi cha hapa Wisconsin, upande wake wa kusini unaosimamiwa na jimbo. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikikausha ili walime. Kilimo kikashindikana, udongo wenyewe ukawa unashika moto, mwishowe wakarudisha maji, na tangu 1941 sehemu kubwa ya kaskazini ni hifadhi ya taifa. Leo bata bukini wanashuka pale kwa maelfu wakitoka Kanada, na kelele zao unazisikia kabla hujazima gari. Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, unapanga bata wa plastiki juu ya maji, unajibanza kwenye matete na mbwa wako, unasubiri. Kufyatua kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na jua likizama tu, mwisho.

Bunduki yenyewe imezibwa ndani isibebe zaidi ya risasi tatu, ni sheria tangu miaka ya 1930. Kwa siku unaruhusiwa bata sita. Wale wenye madume ya kichwa cha kijani wasizidi wanne katika hao sita, na majike yao wasizidi wawili. Niliposikia hilo la majike mara ya kwanza niliwaza Kumbukumbu la Torati 22, pale Mungu anaposema ukikuta kiota, mama mwache aende. Musa na maofisa wa wanyamapori hawajawahi kukaa kikao kimoja, lakini wangeelewana.

Na marisau, zile gololi ndogo zinazotoka kwenye bunduki, yakiwa ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa ndege wa maji nchi nzima tangu 1991. Sababu yake nataka muisikie vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Bata hana meno. Anameza vijiwe ili vimsagie chakula kwenye firigisi. Yale marisau yaliyokosa shabaha yalikuwa yanatua chini ya maji, bata anayaokota akidhani ni vijiwe, na anakufa kwa sumu taratibu, majuma kadhaa baada ya mwindaji kurudi nyumbani na kusahau. Tai aliyemla bata mwenye marisau mwilini naye aliingiwa na sumu ileile. Kwa hiyo hata risasi iliyokosa ilikuwa na damu yake mahali fulani. Siku hizi tunatumia marisau ya chuma, na wazee wengine bado wananung'unika kwamba hayaui vizuri kama yale ya zamani. Wanung'unike.

Bata akianguka, mbwa anamleta. Ukimpokea mkononi bado ana joto, maji yanateleza juu ya manyoya yake bila kuyalowesha, miguu ya rangi ya chungwa imelegea, na kwenye ncha ya mdomo kuna tone moja jekundu. Bwawani hakuna mchanga. Mimi huchota tope. Sijarudi chini ya torati, ndugu, msije mkaniandikia. Najua barua ya Matendo 15 iliyokwenda kwa watu wa Mataifa. Hakuna anayenilazimisha. Ila dakika ile ya kuinama inanizuia kufyatua tena kwa pupa, na pupa ndiyo habari ya somo letu la pili.

Hesabu 11. Watu walilia nyama, Mungu akaleta kware kwa upepo kutoka baharini. Wakasimama wakikusanya mchana kutwa, usiku kucha, na kesho yake tena, na aliyepata kidogo kabisa alikuwa na homeri kumi, kipimo kikubwa cha zamani. Nyama ingali kati ya meno yao, pigo likawashukia. Nilikuwa nikiisoma kama hadithi ya jangwani huko, mpaka niliposoma habari za jimbo hili. Mwaka 1871 njiwa wa kuhama walitaga mayai hapa Wisconsin katika eneo la maili za mraba zipatazo 850, na hesabu inayotajwa ni njiwa milioni 136. Habari zilisambaa kwa simu za waya, wawindaji wakaja kwa treni, njiwa wakapakiwa kwenye mapipa na kupelekwa kuuzwa mijini. Wengine waliachwa wakaoza. Miaka 28 tu baadaye, mwaka 1899, yule wa mwisho kuonekana porini katika jimbo hili alipigwa risasi Babcock. Na njiwa wa mwisho kabisa wa jamii ile duniani, jike waliyemwita Martha, alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Kule Wyalusing, juu ya mwamba unaotazama Mto Wisconsin ukiingia Mississippi, kuna kibao cha kumbukumbu kilichowekwa 1947. Hakimung'unyi maneno: kinasema ndege huyo alikwisha kwa sababu ya uchoyo wa watu na kutofikiri kwao. Ni watu wachache huandika toba kwenye chuma namna hiyo. Jangwani pigo liliwapata walaji. Hapa liliwapata ndege, na walaji wakazeeka salama, wakazikwa kwa heshima. Sijui lipi linatisha zaidi.

Baada ya hapo ndipo zikaja sheria hizi, na ndiyo maana nyama ya mwituni hapa haiuzwi. Unakula au unagawa. Wapo wanaotulaumu kwamba tunalipia leseni za kuua, sawa, lakini ile stempu ya bata, kibali cha serikali kinachouzwa dola 25, kila mwindaji wa ndege wa maji aliyefikisha miaka 16 lazima awe nayo, na karibu fedha yake yote inakwenda kununua na kulinda vinamasi kama Horicon.

Sasa mnyama. Msimu wa kulungu kwa bunduki ni siku tisa, unafunguliwa Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, na zaidi ya watu laki tano wanaingia porini na nguo za rangi ya chungwa kali. Unapanda dungu lako gizani, unafunga mkanda wa usalama kwenye mti, unakaa. Baridi inaanzia vidoleni. Wengi wanadhani kazi ni kulenga. Kulenga ni kitu cha sekunde mbili. Kazi inaanza pale kulungu anapotimka na risasi mwilini, mkia mweupe ukipotelea kwenye miti.

Jirani yangu, fundi wa mabomba mstaafu, ndiye aliyenifundisha kutoshuka haraka. Kaa nusu saa, alisema, la sivyo utamfukuza aende akafie mbali usikomwona. Kisha unashuka, unapiga magoti pale aliposimama, unasoma majani makavu ya mwaloni. Damu nyekundu ing'aayo yenye mapovu ni ya mapafu. Huyo hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ya ini. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu, risasi imepita tumboni, na hapo inakubidi kungoja saa nyingi kabla ya kufuata, mnyama alale afe kwa utulivu. Nimemwona mzee huyo akifuata matone kwa tochi usiku, anaweka kipande cha karatasi kila anapoona tone ili akipoteza njia aweze kurudi nyuma, magoti yanamuuma, chakula cha jioni kinapoa nyumbani. Hakuna aliyekuwa akimtazama zaidi yangu. Angeweza kusema amekosa shabaha akaenda kulala.

Tulipompata kulungu, mzee alinikuta nikikwangua ardhi iliyoganda ili nifunike. Akauliza nafanya nini, nikamweleza mstari. Akavua kofia, akanisaidia kwa kisigino cha buti lake.

Sasa turudi kwa mama yetu na kuku wake wa bei chee. Mama, kuku yule naye alikuwa na damu. Wewe na mimi tunawajua watoto wetu wanaofanya zamu za usiku kwenye viwanda vya nyama, wanaosimama kwenye ubaridi mpaka vidole vinakataa kujikunja, mashine inaleta mnyama baada ya mnyama, damu inakwenda na maji kwenye mfereji. Nyama inatufikia imefungwa plastiki, safi, haina historia. Sikulaumu kuinunua; kwangu pia ipo kwenye friza. Ila mimi mara moja kwa mwaka nataka kuwa mtu anayejua alichokula kilikufa wapi na saa ngapi, nikiwa nimeinama juu yake. Na tukishika mikono mezani kuombea chakula, tuwataje kwa majina wale walio zamu usiku huo. Hilo halihitaji leseni.

Maombi ya wiki hii: vijana wetu wanaopanda madungu Jumamosi, wafunge mikanda hata kama wenzao wanawacheka, maana kuanguka mtini kunaumiza wawindaji wengi. Vaa nguo ya chungwa, hata kama unakwenda tu kusindikiza.

Kuhusu mgawo: kulungu wote tunawapima kwanza ugonjwa wa kukonda wa kulungu (CWD), ambao uligunduliwa jimboni 2002. Haijathibitika kwamba binadamu ameupata, lakini ushauri ni kutokula mnyama aliyekutwa nao, na sitampa mtoto wa mtu nyama ambayo sijui majibu yake. Majibu huchukua muda, kwa hiyo msianze kunipigia Jumatatu. Yakitoka salama, wajane na familia mpya zilizofika wanaanza, halafu wengine. Njooni na mifuko yenu.